Unyevu Ulipojifanya Vumbi: Kisa cha Vipima Chembe 14 vya Birmingham

Mwaka 2018 Leigh Crilley, Francis Pope na wenzao wa Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, walitoa matokeo ya jaribio ambalo kila anayeshika data za chembe za hewani anapaswa kulijua. Walichukua vifaa 14 vya aina moja, OPC-N2 vya kampuni ya Alphasense, wakavipanga pamoja kando ya mashine kubwa za kupimia hewa, vyote vikivuta hewa ileile. Kuna saa vifaa hivyo vilikwenda sambamba na mashine kubwa. Kuna saa vilipanda juu yake mara kadhaa, kana kwamba mtu amemwaga vumbi mlangoni mwake. Vumbi halikuwepo. Kilichoongezeka hewani zilikuwa asilimia za unyevu.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu vifaa vya aina hii havikubaki Birmingham. Viliwahi kuwekwa Nairobi na Nanyuki, na vihisi vingine vya bei nafuu vinavyotumia leza vimetapakaa Afrika Mashariki yote. Faili zake zinafunguliwa kila siku na wanafunzi, waandishi wa habari na maofisa wa mazingira, na namba zinazotoka humo zinaingia kwenye ripoti za afya ya watoto wetu. Mtu akiamini kila namba iliyo kwenye faili, atalaumu magari kwa kosa la ukungu. Akizitupa zote kwa hofu, mji wake utabaki bila kipimo chochote.

Kwanza tuangalie kifaa chenyewe kinaona nini. OPC-N2 inatosha kiganjani. Ndani kuna feni ndogo inayovuta hewa mbele ya mwali wa leza nyekundu. Kila chembe inayokatiza mwali inarusha mwanga, na kioo kilichopinda kinaukusanya mwanga huo na kuupeleka kwenye kigunduzi. Mwanga mwingi maana yake chembe kubwa, mwanga kidogo chembe ndogo. Kwa kigezo hicho kila chembe inaingizwa kwenye mojawapo ya makundi 16, kuanzia mikroni 0.38 hadi mikroni 17 (mikroni moja ni sehemu moja ya milioni ya mita).

Kwa hiyo safu iliyoandikwa “0.54 hadi 0.78” haina chembe zilizopimwa kwa rula. Ina chembe zilizorusha mwanga kiasi ambacho kijiduara cha plastiki cha ukubwa huo kingerusha, maana ni kwa vijiduara vya namna hiyo vifaa hivi hurekebishwa. Kijiduara ni mviringo safi, na uwezo wake wa kupinda mwanga unajulikana. Masizi ya dizeli si hivyo, na udongo mwekundu wa barabarani si hivyo. Tone la maji lenye chumvi katikati ndilo liko mbali zaidi, kwa kuwa maji hupinda mwanga kidogo kuliko plastiki. Ukubwa tunaousoma kwenye faili ni tafsiri tayari, na tafsiri hiyo imefanyika kabla data hazijatufikia.

Baada ya hapo inakuja tafsiri ya pili, ya kugeuza hesabu ya chembe kuwa uzito. Kifaa kinachukulia kwamba kila chembe ni tufe lenye densiti ya gramu 1.65 kwa sentimita moja ya ujazo, kinakokotoa ujazo wake, kinajumlisha, kisha kinatoa PM1, PM2.5 na PM10, yaani uzito wa chembe zenye kipenyo kisichozidi mikroni 1, 2.5 na 10 katika kila mita moja ya ujazo wa hewa. Ujazo wa tufe unafuata kipenyo mara kipenyo mara kipenyo, na hapo ndipo uchambuzi mwingi unapoanguka. Chembe moja ya mikroni 9 ina uzito sawa na chembe 8,000 za mikroni 0.45. Kifaa hiki kinapitisha mbele ya leza takriban mililita 220 za hewa kwa dakika, yaani kama mililita 37 katika kila sekunde 10. Ukipiga hesabu, chembe moja tu ya mikroni 9 ikipita ndani ya sekunde hizo 10, PM10 inapanda kwa mikrogramu 17 kwa mita moja ya ujazo. Chembe moja! Ndiyo maana grafu ya PM10 ya kila sekunde 10 inarukaruka kama panzi hata kwenye hewa tulivu, na ndiyo maana sioni haja ya mtu kuichora kabla hajaipatia wastani wa saa nzima.

Faili ghafi lina zaidi ya PM tatu. Lina safu 16 za hesabu, muda ambao chembe za baadhi ya makundi zimechukua kuvuka mwali, kiwango cha hewa iliyopita na urefu wa kipindi cha kupima. Wengi huzifuta safu hizo ili kupunguza ukubwa wa faili, nao wanafuta ushahidi wenyewe. Feni ikishika vumbi na kulegea, chembe zinachukua muda mrefu zaidi kuvuka mwali, na hilo linaonekana humo humo. Ukibaki na PM2.5 peke yake utaona tu kwamba namba zimebadilika, bila kujua kama kilichobadilika ni hewa au ni feni.

Turudi Birmingham. Swali la kwanza la watafiti lilikuwa la haki kabisa: je, vifaa 14 vya aina moja vikipewa hewa moja vinakubaliana? Walipima mtawanyiko wa masomo, yaani namba zinazosomwa kwenye vifaa, kwa kuugawa kwa wastani wake, wakapata 0.22 kwa PM10, 0.25 kwa PM2.5 na 0.32 kwa PM1. Kwa maneno mengine, hata kabla hujauliza nani anasema kweli, ndugu hawa wa kiwanda kimoja wanatofautiana kwa robo hivi ya wastani wao, na kadiri chembe zinavyokuwa ndogo ndivyo wanavyozidi kutofautiana. Mpangilio huo una maana. PM1 inategemea makundi matatu ya kwanza, yaliyo kwenye ukingo kabisa wa kile kigunduzi kinachoweza kuona. Tofauti ndogo ya nguvu ya leza kati ya kifaa na kifaa inatosha kufanya kimoja kione chembe ya mikroni 0.4 na kingine kiikose. Anayetaka kulinganisha mitaa miwili kwa vifaa viwili lazima aviweke pamoja kwanza, mahali pamoja, kwa siku kadhaa. Tofauti ya asilimia 20 kati ya mtaa na mtaa inaweza kuwa ni tofauti ya vifaa tu.

Swali la pili lilikuwa la ukweli wenyewe. Mashine ya kulinganishia ilikuwa TEOM, ambayo haitumii mwanga. Ina kichujio kidogo kilichokaa juu ya kijiti kinachotetema. Chembe zikitua kwenye kichujio uzito unaongezeka, mtetemo unapungua kasi, na kutokana na mabadiliko hayo uzito unajulikana. La muhimu kwa kisa chetu ni kwamba TEOM hupima chembe zilizokaushwa, wakati OPC-N2 huzipokea jinsi zilivyo, na maji yake.

Ukichora mistari ya vifaa hivi viwili kwa kufuata saa na siku, utaona vinapishana lakini hutajua kwa nini. Kishawishi kikubwa hapo ni kutafuta sababu kwenye maisha ya mji: magari ya asubuhi, majiko, viwanda. Watafiti walifanya jambo jingine. Waligawa somo la OPC kwa somo la TEOM, wakalichora jibu hilo dhidi ya unyevu wa hewa, wakiacha saa kabisa. Kwenye unyevu wa wastani uwiano ulitulia. Ulipovuka asilimia 85 hivi, ukainuka na kuendelea kuinuka. Kwangu hii grafu moja ndiyo moyo wa uchambuzi wote, na inaweza kuchorwa na yeyote mwenye kompyuta ndogo na kihisi cha unyevu.

Kwa nini asilimia 85, na si 60? Jibu liko kwenye jinsi chembe zinavyokunywa maji. Nadharia ya msingi ni ya Hilding Köhler wa Sweden, na mwaka 2007 Markus Petters na Sonia Kreidenweis waliirahisisha kwa namba moja inayoitwa kapa, inayoonyesha chembe inapenda maji kiasi gani. Kapa ya masizi mapya iko karibu na sifuri, maana hayapendi maji. Salfeti ya amonia ina 0.61, na chumvi ya mezani ina takriban 1.28. Hewa ya mji ni mchanganyiko, na Birmingham ilionekana kuwa karibu na 0.4.

Chukua chembe kavu yenye kapa 0.4. Unyevu ukiwa asilimia 60 ujazo wake unakuwa mara 1.6 ya ule wa ukavu. Kwenye 85 unakuwa mara 3.3. Kwenye 95 unafika mara 8.6, na kipenyo kinakuwa zaidi kidogo ya maradufu. Mstari huu haupandi sawasawa. Unatambaa kwa muda mrefu, halafu unasimama wima.

Kuna jambo la pili, lililojificha zaidi, ambalo kwa maoni yangu linastahili kuangaliwa kwa karibu. OPC-N2 haioni chembe iliyo chini ya mikroni 0.38, na hewa ya mji imejaa chembe za namna hiyo. Fikiria moja yenye mikroni 0.25 ikiwa kavu. Unyevu ukifika 85 inavimba hadi 0.37, bado haijafika mpakani. Ukifika 90 inakuwa 0.42, na sasa inaonekana. Kwenye faili ni kana kwamba chembe mpya imezaliwa. Maelfu ya chembe za aina hiyo zikivuka mpaka pamoja, kundi la kwanza linafurika ghafla, na mchambuzi asiyeangalia unyevu ataandika kwa dhati kwamba moshi mpya umeingia mjini saa kumi na moja alfajiri. Hesabu hii nimeirahisisha, kwani chembe iliyojaa maji hurusha mwanga kidogo kuliko kavu ya ukubwa uleule, hivyo kifaa kitaiona ndogo kidogo kuliko ilivyo. Mwelekeo hata hivyo haubadiliki.

Alfajiri ndiyo saa ngumu kuliko zote. Usiku hewa inapoa, unyevu unapanda, na wakati huohuo tabaka la hewa ya chini linatulia na kuzuia moshi usipande. Halafu magari yanaanza. Kwa hiyo kilele cha asubuhi kwenye grafu kina sehemu ya kweli na sehemu ya maji, na zote mbili zinakuja saa zilezile. Ukiondoa saa zote zenye unyevu mkubwa, unaondoa pia saa ambazo watu wanavuta hewa chafu zaidi. Ukiziacha zote, unawatia hofu kwa maji. Hapa usahihishaji unakuwa wa lazima.

Crilley na wenzake waligawa kila somo kwa kigezo kimoja: moja, jumlisha kapa iliyogawanywa kwa 1.65, mara uwiano wa unyevu na kile kinachobaki kufikia asilimia 100. Kwa kapa 0.4, kigezo hicho ni 1.4 kwenye unyevu wa 60, 2.4 kwenye 85, na 5.6 kwenye 95. Baada ya kukitumia, masomo ya OPC-N2 yalikaa ndani ya asilimia 33 ya TEOM. Ili kuipima vizuri namba hiyo, kumbuka kwamba kifaa cha mwanga cha bei kubwa zaidi, TSI 3330, kilikaa ndani ya asilimia 20. Kwa kifaa kinachotosha kiganjani hayo ni mafanikio makubwa, na nadhani hayajasifiwa inavyostahili.

Lakini kapa ile waliipata kwa kulazimisha mstari upite katikati ya data zao wenyewe. Ndani yake kuna kemia ya hewa ya Birmingham, na kuna pia mapungufu ya kifaa: chembe zilizoingia kutoka chini ya 0.38, mwanga uliopungua kwa sababu ya maji, densiti ya kudhania. Namba moja imebeba mizigo yote hiyo. Inafanya kazi vizuri pale ilipopatikana. Mtu akiichukua kama ilivyo na kuipeleka mji mwingine, amechukua na mizigo yake.

Usahihishaji huu pia unalegea pale unapohitajika zaidi. Kihisi cha unyevu cha bei nafuu kinaweza kukosea kwa asilimia 3 bila kuonekana kibovu. Kwenye unyevu wa 60 kosa hilo halina madhara. Sasa tazama juu: kwenye 92 kigezo ni 3.8, kwenye 95 ni 5.6, kwenye 98 ni 12.9. Kihisi kikisema 95 huku ukweli ukiwa popote kati ya 92 na 98, jibu lako linaweza kuwa na kosa la zaidi ya mara mbili. Mimi ningetia alama kila saa iliyozidi 95 na kuiweka kando ya wastani, kisha niseme wazi kwenye ripoti ni saa ngapi zimewekwa kando na za wakati gani wa siku. Isitoshe, unyevu unaohusika ni ule ulio ndani ya boksi, leza ilipo. Saketi zinatoa joto na jua linachoma plastiki, kwa hiyo hewa ya ndani huwa kavu kuliko ya nje. Kuchukua unyevu kutoka kituo cha hali ya hewa cha uwanja wa ndege na kuuingiza kwenye hesabu ni kusahihisha kitu ambacho hakikutokea.

Kwa anayehitaji ukubwa wa chembe, na si uzito wa jumla tu, kigezo kimoja cha kugawia hakitoshi. Mwaka huohuo wa 2018, kundi la watafiti wa Cambridge, akiwemo Andrea Di Antonio na Rod Jones, lilionyesha njia ninayoiona kuwa bora zaidi: sahihisha mipaka ya makundi yenyewe. Kwenye unyevu wa 95 kipenyo kimezidi mara 2.05, kwa hiyo kundi lililoandikwa mikroni 2.07 hadi 3 kwa kweli lina chembe kavu za mikroni 1.0 hadi 1.5. Mpaka wa PM2.5 nao unasogea. Chembe kavu ya 2.5 inaonekana kama 5.1, na usipoufuata mpaka huko unaiacha nje. Hapa kuna vitu viwili vinavyovutana: maji yanaongeza uzito wa kila chembe, huku yakizisukuma baadhi ya chembe nje ya mpaka wa kuhesabiwa. Kigezo kimoja hakiwezi kuvitenganisha. Bila zile safu 16, zile zinazofutwa ili kupunguza faili, usahihishaji wa namna hii hauwezekani kabisa.

Nairobi kisa hiki kina mwendelezo wake. Februari na Machi 2017 Pope, pamoja na Michael Gatari wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao, waliweka OPC-N2 sehemu tatu: Barabara ya Tom Mboya katikati ya jiji, sehemu nyingine ya jiji iliyo mbali kidogo na msongamano, na Nanyuki, chini ya Mlima Kenya. Lengo lilikuwa kutoa kimoja kutoka kingine. Ukitoa Nanyuki kutoka kwenye hewa ya jumla ya jiji, unapata mchango wa jiji. Ukitoa hewa ya jumla ya jiji kutoka Tom Mboya, unapata mchango wa barabara. Barabara ndiyo iliyoongoza kwa uchafu, Nanyuki ikawa safi kuliko zote.

Kutoa kimoja kutoka kingine ni kazi inayohitaji uangalifu mkubwa. Nanyuki iko juu zaidi ya mita 1,900, usiku wake ni wa baridi. Unyevu ukivimbisha chembe za huko kuliko za Nairobi, tofauti inapungua na jiji linaonekana safi kuliko lilivyo. Kinyume chake nacho kinawezekana. Timu ile haikuegemea mwanga peke yake: ilikusanya chembe kwenye vichujio, ikavipima kwa mizani, ikavirekebisha vifaa kwa uzito huo. Huo ndio uamuzi ninaouheshimu zaidi katika kazi yao. Kichujio na mizani vinapatikana Afrika Mashariki, na wenye kujua kuvitumia wapo.

Kapa ya Birmingham isingewafaa. Makadirio ya dunia nzima yaliyotolewa na Kirsty Pringle na wenzake mwaka 2010 yaliweka wastani wa Ulaya karibu 0.36 na wa Afrika karibu 0.15, kwa sababu hewa ya bara letu ina vumbi la ardhi na moshi wa kuni na nyasi kwa wingi, vitu visivyokunywa maji sana. Kwa kapa 0.15, kigezo cha unyevu wa 85 kinashuka kutoka 2.4 hadi 1.5. Anayetumia 0.4 Nairobi atapunguza uchafu wa kweli kwa zaidi ya theluthi moja, na atadhani amefanya kazi ya kisayansi.

Pwani ni habari nyingine. Mombasa, Tanga au Unguja, upepo wa bahari unaleta chembe za chumvi zenye kapa inayozidi 1. Kwenye unyevu wa 85, chembe kavu ya mikroni 1.5 yenye kapa 1.1 inafika mikroni 2.9, na papo hapo imetoka kwenye PM2.5 na kuhamia kwenye makundi makubwa. Tena chumvi ina tabia inayoharibu hata ile grafu nzuri ya Birmingham. Kristali ya chumvi inayeyuka unyevu ukipanda hadi 75, lakini tone likishakuwa tone halirudi kuwa kristali hadi unyevu ushuke karibu na 45. Hewa ya pwani ni nadra kushuka huko. Chumvi inabaki maji mchana kutwa, na hakuna saa kavu ya kuanzia kulinganisha. Uwiano wa kifaa na mashine unaweza kuonekana umetulia, ilhali umetulia juu ya maji.

Kukausha hewa kabla haijafika kwenye leza kunasaidia, ila feni ya OPC-N2 ni dhaifu na bomba la kukaushia linaipunguzia mtiririko, na chembe kubwa zinanasa njiani. Kwa pwani, kwa hiyo, ningeanza na vichujio vilivyokaushwa na kupimwa maabara, msimu wa kaskazi na msimu wa kusi kila mmoja peke yake, huku kifaa cha leza kikiwa pembeni na safu zake zote 16 pamoja na unyevu wa ndani ya boksi vikihifadhiwa kila dakika.